Ryzen 5 2600 + GTX 1060: nibadili GPU (kadi ya grafiki), prosesa, au nihamie Intel? Niko Arusha

chalii_sakina
Wakuu salama? Nina desktop yangu, Ryzen 5 2600, madabodi B450, RAM 16 za DDR4, GTX 1060 ya 6GB, pawa saplai wati 450. Napiga harusi, send-off na kipaimara, naediti na Premiere Pro, usiku nikimaliza nacheza FC na GTA kidogo. Sasa nimehamia kamera ya Sony A7 IV na tangu hapo mashine imekuwa mzigo, nikiweka kamera mbili za 4K kwenye taimulaini picha inaganda sauti inatangulia, mchungaji ameshasema amina bwana harusi bado anavishwa pete. Nina kama milioni moja na nusu. Nafikiria RTX 3060 ya 12GB niichomeke hapo hapo, au nibadili prosesa iwe Ryzen 5 5600, au niuze yote nianze upya na Intel. Nipeni mawazo.

fundi_ngarenaro
Mkuu usiuze kitu. AM4, soketi ya hiyo madabodi yako, bado ina maisha. Weka 5600, au 5700X kama mfuko unaruhusu, na hiyo 3060, umemaliza. Ila apdeti baiosi (programu ya kuwashia madabodi) ya B450 WAKATI 2600 bado iko ndani, ukiichomoa kwanza ukaweka 5600 kwenye baiosi ya zamani skrini itabaki nyeusi utaanza kumtafuta mchawi. Na hiyo 450 toa, NVIDIA wenyewe kwa 3060 wanashauri 550.

mama_timeline
Kaka kabla hujatoa hata shilingi, kwenye kamera unarekodi kwa fomati gani? Halafu fungua Task Manager, cheza ile sehemu inayoganda, angalia CPU iko ngapi na kwenye GPU ule mstari wa Video Decode uko ngapi. Watu mnakimbilia jina la kadi.

chalii_sakina
Dada nimeangalia. XAVC HS 4K, 4:2:2 10bit. CPU 100 muda wote, Video Decode inasoma 0. Yaani GPU imelala kabisa!

mama_timeline
Ndo hapo sasa. Ndani ya GPU kuna kichipu chake cha kufungua video, na kwa NVIDIA zote kabla ya RTX 50 za 2025 hicho kichipu hakijui H.265 ya 4:2:2 (XAVC HS yako ndo H.265, na 4:2:2 ni kiasi cha rangi kinachohifadhiwa). Siyo 1060 tu, 3060 hakijui, na hata RTX 4090 hakijui. Kwa hiyo kazi yote inamwangukia prosesa, na 2600 maskini inafungua mafaili mawili ya 4K fremu kwa fremu kwa nguvu zake. Ukinunua 3060 leo GTA itapaa, ila harusi zitaganda vile vile na utakuja hapa kusema umeuziwa feki.

Intel kuanzia kizazi cha 11 zenye grafiki ya ndani zinaifungua bila jasho, ndo hiyo Quick Sync. Mimi hapa Moshi niko na i5-12500, 4K mbili zinatembea. Usikubali yenye F mwishoni, 12400F haina grafiki ya ndani so Quick Sync hamna. Na bora 12500 kuliko 12400, ina injini mbili za video, 12400 ina moja. Uzuri kizazi cha 12 kina madabodi za DDR4, ukichukua B660 ya DDR4 RAM zako unahama nazo, na 1060 inaendelea kukuchezeshea mpira.

fundi_ngarenaro
Hapo kwenye decode dada amenifunga mdomo kwa 3060, nakubali. Ila bado sioni sababu ya kubomoa nyumba nzima, RTX 5060 si inafungua 4:2:2? Inakula wati 145 tu, inaingia kwenye B450 hiyo hiyo, gemu 1080p inakimbia kuliko 3060. Kadi moja imeua ndege wote.

mama_timeline
Inafungua, na hata H.264 (ya zamani kuliko H.265) ya 4:2:2 inaifungua ambayo 12500 yangu haiwezi, kwa hiyo kaka ukibadili kamera ikawa XAVC S, ambayo ndo H.264, ya 4:2:2 mimi naumia wewe wa 5060 unacheka. Tatizo langu ni mawili. Ina VRAM (memori ya kadi) 8GB tu, na inatumia leni 8 za PCIe (njia za data kati ya kadi na madabodi), B450 ni PCIe 3.0, VRAM ikijaa utaisikia. La pili, Premiere iwe ya 2025 iliyoapdetiwa au mpya zaidi. Kama ni ile Premiere ya zamani ya flashi ya kuazimana, sahau, haitakiona hicho kichipu.

chalii_sakina
😅😅 hapo kwenye flashi dada umenigusa

kijenge_juu
Mnamtumbua chalii hela zake bure. Weka kamera 4:2:0 10bit (rangi pungufu kuliko 4:2:2), hiyo hiyo XAVC HS. GTX 1060 inaifungua tangu zamani. Kipaimara nani atajua rangi ni 4:2:0? Mteja anaangalia kwenye WhatsApp. Jaribu Jumamosi hii, halafu hiyo milioni nunua SSD ya NVMe na RAM.

mama_timeline
Kwa harusi naunga mkono, 10bit inabaki na S-Log (ile picha iliyofifia ya kusahihisha rangi baadaye) bado unaisahihisha vizuri. Labda awe anapiga green screen au matangazo ya rangi nzito, hapo kingo zitamsumbua. RAM 32 ni lazima njia yoyote atakayochukua.

mjasiriamali_mianzini
Mbona hamsemi zile used za maofisini, Dell OptiPlex i7-7700 unaweka kadi unaanza kazi? Nafuu sana

fundi_ngarenaro
Kizazi cha 7 hakiko kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 sapoti iliisha Oktoba 2025. Pawa saplai yake ya kwao wenyewe, ile ndogo ni wati 180. Kwa Excel sawa. Kwa hii hapana.

Chalii, UPS unayo? Maana hapa kwetu umeme ukikatika katikati ya kueksipoti unaanza upya. Ile ya 650VA siyo wati 650, mara nyingi ni kama 360, usiichomekee na monita mbili na spika.

chalii_sakina
UPS ninayo ya 650, nitaitolea spika. Basi wakuu, Jumamosi kuna send-off Njiro napiga 4:2:0 nione. Ikitembea nachukua RAM 32 na 5600 kwanza, kadi baadaye. Ila kuna kazi za mshikaji mmoja huwa ananiletea mafaili yake ya 4:2:2, hizo siwezi kumwambia arudie harusi. Ndo maana 5060 bado inanikaa kichwani. Kuna anayeitumia kwenye B450 aniambie ikoje?

kijenge_juu
Za mshikaji tengeneza proksi (nakala nyepesi za kuediti) usiku ukilala, asubuhi unaediti. Na mchaji hela zaidi 😂

mpole_usa_river
Ninayo 5060 kwenye B450 na 5600, pawa saplai 550. Premiere mpya, 4:2:2 inatembea, Video Decode inapanda CPU inapumua. Gemu 1080p sina malalamiko. Ikifika efekti za kupunguza chengachenga kwenye 4K nyingi ndo 8GB inaanza kulia. Njoo na SSD yenye mafaili ya huyo mshikaji wako tujaribu kabla hujanunua, niko nyumbani Jumapili mchana.