Daftari la Msafiri

Kikundi: Ukoo wa Barabara ya 12, Ngamiani

Dada: Asalaam aleikum nyote. Leo nimefungua lile sanduku la bati la uvunguni kwa Mama. Nimekuta daftari la Msafiri. [picha]

Binamu: Waaleikum salaam. La jalada la kijani? Alikuwa analitia ndani ya shati akiendesha baiskeli!

Dada: Ndilo. Matope bado yameganda. Ukurasa wa kwanza: "Tanga, Muheza, Sigi, Amani. Desemba 2010." Alikuwa na miaka 15.

Mama Mdogo: Subhanallah, mtoto yule. Wenzake wanacheza gololi, yeye anawauliza wazee reli ya Mjerumani ilikuwa inaishia wapi.

Binamu: Ndiyo iliyotupeleka. Aliambiwa tawi lake moja liliishia Sigi, akataka akaione stesheni kwa macho yake. Tulitoka alfajiri, Muheza tukanywa chai. Kutoka Sigi kupanda ni kona juu ya kona, baiskeli tulizikokota. Amani akawa anashika miti mmoja mmoja, ile Wajerumani waliyoanza kuipanda 1902, ananakili majina kwenye vibao. Giza linaingia, mimi nalia njaa, yeye anaandika.

Baba Mkubwa: Nilisema tangu siku ile. Mtoto mwenye selimundu hapandi mlima kwa baiskeli. Nikaonekana mkali.

Dada: Shikamoo Baba Mkubwa. Naomba utazame picha ya pili. Pembeni mwa kila kituo kachora nyota. Sikuelewa ni za nini.

Binamu: Kila nyota ni chupa ya maji. Kliniki walimweleza kwamba mwili ukipungukiwa maji, zile seli zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, maumivu yanaanza. Kwenye keria alifunga dumu la lita 5 na sweta mbili. Nilimcheka, sweta kwenye joto la Tanga! Tulipofika juu ukungu ukashuka, akavaa zote mbili. Mimi ndiye niliyetetemeka usiku kucha.

Dada: Nyota 11 mpaka Amani. Nimezihesabu mara tatu.

Mama Mdogo: Na mapango ya Amboni hayamo?

Dada: Yamo, ukurasa wa sita. Alisikia pango linatokea Mombasa. Akafunga kamba ya mkonge mlangoni, akaingia anahesabu hatua. Ya 212 kamba ikaisha, akarudi. Chini kaandika: "Kamba ndefu zaidi."

Mama Mdogo: 😭😭 Allah amrehemu.

Binamu: Amin. Hiyo kamba nilikuwa nimeishika mimi.

Mama: Wanangu, nimewasoma nyote. Baiskeli nilinunua mimi, kwa zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa. Mwaka ule alilazwa mara nne. Akaniambia, Mama, nikikaa ndani naumwa, nikitoka naumwa, bora niumwe nimeona kitu. Nikashindwa kumjibu. Shemeji, wewe uliifunga ile baiskeli stoo mwezi wa 3. Mwanangu alifariki mwezi wa 6, kwenye baridi, kifua kilimbana usiku mmoja tu. Miezi mitatu hakuigusa. Sisemi kwa ubaya, najua ulivyompenda, wewe ndiye uliyembeba mpaka kwenye gari. Ila usiseme tena kwamba baiskeli ilimuua. Kila ukisema nachomeka.

Mama Mdogo: Dada yangu ❤️

Baba Mkubwa: Shemeji, nisamehe. Ufunguo wa ile kufuli ninao kwenye pochi mpaka leo. Nimebadilisha pochi tatu, ufunguo nauhamisha tu. Sijapata kumwambia mtu.

Mama: Nimeshakusamehe zamani, Shemeji.

Dada: Naomba niseme lililonifanya nifungue sanduku. Mwanangu ana miaka 11, na hali yake ni ileile, mnaijua. Shuleni wanapeleka watoto Amani siku mbili. Nimemkatalia, tangu juzi hasemi na mimi. Kliniki hawana neno. Tangu aanze dawa ya haidroksiurea amemaliza mwaka hajalazwa. Mwoga ni mimi.

Baba Mkubwa: Daktari mwenyewe amesema anaweza kwenda?

Dada: Ameandika na barua ya kumpa mwalimu. Maji kila mara, nguo nzito, asioge mtoni, akichoka aachwe apumzike. Homa ikipanda apelekwe hospitali palepale, wasingoje asubuhi.

Binamu: Nipo Muheza, Dada. Wakipiga simu nusu usiku nitapanda na pikipiki.

Mama: Mwache aende.

Dada: Mama, una hakika?

Mama: Hakika sina. Hata kwa yule mwingine sikuwa nayo.

Baba Mkubwa: Wanaondoka lini?

Dada: Ijumaa alfajiri.

Baba Mkubwa: Nitampeleka kwenye basi mimi mwenyewe. Sweta pia nanunua mimi. Mbili. Siku hizi anavaa namba ngapi?