Kikapu cha kuivishia maharage: nyumba moja inapunguza mkaa kweli?

Mdau wa Kigamboni
Wakuu, salaam. Maharage ndiyo yanayomaliza mkaa, yanakaa jikoni saa mbili, tatu. Nasikia ukiyachemsha kisha ukayafunika kwenye kikapu yanaiva yenyewe. Kinatengenezwaje? Na nyumba moja ikibana mkaa, kuna msitu unaopona?

Fundi Majiko
Yanaiva, mkuu. Tafuta tenga linaloizidi sufuria kwa sm 10 kila upande, na chini pia. Jaza sufi au vipande vya godoro chakavu, ila usishindilie sana: kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa humo. Shona mto wa unene huohuo wa kufunika juu. Sufuria ijae angalau robo tatu na mfuniko ubane. Ikiwa nusu hupoa upesi, maharage yanabaki magumu, na watu wanalaumu kikapu. Maji yapite maharage kwa vidole viwili tu, maana humo hayakauki. Na usifunue kuchungulia!

Lishe Njombe
Naongezea la usalama. Loweka kwa muda wa saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo joto la kikapu haliivunji, kwa hiyo kwanza yachemke kwa nguvu dakika 30 nzima. Huku juu, Njombe na Mbeya, yape dakika 40, kwa sababu maji huchemka chini ya nyuzi 100. Kisha kikapuni kwa muda wa saa 3 au 4. Yakitoka, yachemshe tena kabla ya kuunga. Nyanya na ndimu ni mwishoni, uchachu huchelewesha kulainika.

Fundi Majiko
Asante, hilo la kuchemsha lisirukwe. Sasa msitu. Kwenye tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni, na mkaa wa Dar unakatwa Pwani, Morogoro na Tanga. Kilo usiyonunua ina uzito huko. Lakini kikapu hakiokoi chochote kama sufuria imeondoka na jiko linaendelea kuwaka bure, na hapa ndipo wengi wanapopoteza. Weka mkaa wa kutosha kuchemsha tu, au bandika wali mara moja. Unaobaki uchukue kwa koleo, utie kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, nje ya nyumba kwa sababu ya hewa yake ya sumu. Utazima kwa kukosa hewa na kesho utawaka tena. Usiumwagie maji mkaa ukiwa bado ndani ya jiko, udongo wa jiko hupasuka.