Tupeane uzoefu: kitendawili cha sarafu kongwe kilichowahi kukuumiza kichwa

Mtega wa zamu

Wakuu, habari za jioni. Kwa wageni: sisi tunaokusanya sarafu za zamani tuna mchezo wetu. Mmoja anaweka picha ya upande mmoja tu wa sarafu, ule mgumu, anasema "Kitendawili!" na wengine wanaitikia "Tega!" Anataja uzito na upana, basi. Tunauliza maswali ya ndiyo au hapana mpaka ijulikane. Tukishindwa anadai mji, na kwetu mji hautolewi ovyo ovyo: lazima uwe mji uliowahi kufua sarafu zake, na ukishatolewa haurudiwi. Kilwa na Aksum ya Uhabeshi zilikwisha siku nyingi.

Naomba kila mmoja aeleze kitendawili kimoja alichotega au kutegewa, na nini kilifichua jibu. Hilo la pili ndilo ninalolitaka zaidi, maana jibu ukipewa bila njia yake kesho umelisahau.

Naanza mimi. Niliwategea mizani: sarafu ya shaba, katikati mizani ya sahani mbili, maandishi ya Kiarabu. Watu wakarukia papo hapo, "Zanzibar, Sayyid Barghash!" Ni kweli pesa ya Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1881/82, ina mizani. Lakini mizani imo pia kwenye pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, ya ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Tena imo kwenye sarafu za shaba za Kampuni ya Uhindi ya Waingereza zilizotoka Bombay tangu miaka ya 1790, na pesa za Uhindi ndizo zilizokuwa zikitumika Unguja kabla Barghash hajaagiza zake. Watu walishaiamini ile mizani. Aliyetaka pesa yake ipokelewe sokoni aliweka mizani.

Aliyepata ni dada mmoja aliyeuliza maswali mawili tu: upande wa pili una herufi za Kiingereza? Ndiyo. Kuna jina la mji? Ndiyo. Akamaliza: Mombasa.

Mlinzi wa Magofu, Kilwa Masoko

Asante mkuu. Mimi sarafu zangu ni za picha tu, nimezipiga makumbusho. Niliwategea kipande cha shaba chembamba, kidogo kuliko kifungo cha koti, kijani chote, ukingo umeliwa kama biskuti iliyong'atwa na mtoto. Hakina mwaka, hakina thamani, hakina picha ya mtu. Ni Kiarabu tu, mistari miwili.

Waliojua Kiarabu walikwama kwenye kusoma, kwa sababu herufi hazina nukta. Aliyefungua mlango ni mzee mmoja mtunga mashairi wa Lindi, ambaye sarafu hazijui kabisa. Alisema, "Nisomeeni sauti za mwisho, upande huu na upande ule." Zote -an. Akasema hilo ni shairi, vina vinalingana. Na ndivyo zilivyo sarafu za masultani wa Kilwa: upande mmoja jina la sultani na baba yake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili zinaitikiana kwa kina. Ile yangu ilikuwa ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyempokea Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, mwaka 1331. Sijaona kwingine sarafu iliyotungwa kama beti, na kila nikiwaeleza wanafunzi wanaokuja kutembea hapa natamani wote waishike mkononi.

Ushairi huo ulisafiri mbali. Mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa ufukweni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao, akaziweka kwenye mkebe kwa miaka mingi kabla wataalamu hawajazitambua. Moja imepatikana Great Zimbabwe. Na Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri wa zamani.

Ndugu zangu, nawasihi: ukiokota kitu kwenye magofu usikitie mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Na hata sheria ingekuwa haipo, sarafu iliyong'olewa mahali pake haiwezi tena kutueleza ilikuwa chumba gani, chini ya ukuta upi, pamoja na chungu gani. Piga picha, iache palepale, mwite mtu wa mambo ya kale.

Binti Unguja, Muscat

Mlinzi, Mungu akubariki kwa hayo ya mwisho.

Kitendawili changu: mwanamke mnene mwenye mtandio, fedha, gramu 28, upana milimita 40. Wote mlijua ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria; bibi yangu alikuwa nazo zimetiwa vikuku vya kuning'inizia. Mwaka, mkasema, 1780. Nikawaambia mwaka huo hauna msaada, kwa sababu yeye alikufa mwaka huohuo na sarafu zikaendelea kutolewa na tarehe ileile, mpaka karne ya ishirini. Swali langu lilikuwa: imefuliwa wapi? Vienna? Roma? London? Bombay? Miji yote hiyo imezitoa.

Hapo hakuna aliyeweza kwa picha ya upande mmoja, nikapewa mji (Nishapur ya Uajemi, nikafurahi sana). Nilichowaonyesha baadaye ni bruchi ya begani yenye lulu, na ukingo wenye maneno ya Kilatini yaliyoinuka. Wazee wa Oman na Zanzibar walikuwa wanahesabu zile lulu kwa kidole kabla ya kupokea riale. Zikiwa zimefutika, walikataa. Basi na sisi tuhesabu.

Wa Lubumbashi

Salamu toka Katanga. Yangu fupi. Ndizi upande mmoja, msalaba upande wa pili. Mlinitajia kila nchi ya Kikristo yenye migomba! Ule si msalaba wa kanisa. Ni msalaba wa shaba wa huku kwetu, uliokuwa pesa kabla ya Wabelgiji kufika. Katanga ilipojitenga na Kongo ikauweka kwenye faranga zake za mwaka 1961. Aliyepata aliuliza, "Mikono yote minne ina urefu mmoja?" Ndiyo. Swali safi.

Kaka wa Nakuru

Nilitegewa hiki na sijakisahau: *Mfalme ana jina, hana uso, na taji hakuvikwa.*

Tulihangaika na Warumi, tukaenda Aksum, tukarudi. Jibu lilikuwa kwenye mkebe wa shosho wangu: senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu, ya mwaka 1936. Edward wa Nane aliacha ufalme Desemba mwaka huo kabla ya kutawazwa. Uingereza yenyewe haikutoa sarafu yake kwa matumizi ya kawaida. Lakini za kwetu zilikuwa na tundu katikati, hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, zilibeba jina tu, kwa hiyo zilikuwa zimeshatoka. Tazameni mikebe ya nyumbani. Pembe mbili za ndovu kandokando ya tundu, na jina EDWARDVS VIII.

Mgeni, Sikonge

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Baba mkwe ameniachia hii: ya rangi ya manjano, taji juu, herufi DOA, 1916. Nyuma 20 HELLER ndani ya majani, chini T. Imechongwa vibaya, nilidhani ni bandia. Niisugue kwa ndimu?

Mtega wa zamu

Marahaba mwanangu. Usiisugue! Ndimu inakula ngozi ya sarafu, na ile ngozi ndiyo umri wake. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye karatasi.

Ubaya wa uchongaji ni dalili njema. DOA ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, heller ni senti zao, na T ni Tabora. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikatiwa njia ya bahari, sarafu hazikuja tena kutoka kwao, wakazifua wenyewe kwenye karakana ya reli, kwa maganda ya risasi na shaba yoyote waliyoipata. Hapohapo mwaka huo walitoa na ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15. Mihuri yao ilikuwa ya haraka, haikufanana, na wakusanyaji huzitofautisha kwa taji, kubwa au dogo, na kwa zile L mbili za HELLER.

Hebu ichukue uitazame kwenye mwanga wa dirishani. Hizo L, ncha zake zimechongoka au zimepinda? Zote mbili, au moja tu?