Korosho ni kazi au kitafunwa?! Yule dada wa dirishani kanikosea adabu

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Niko kwenye basi narudi Mtwara, ndo kwanza tumepita Mbagala, mikono bado inatetemeka. Yule dada wa dirishani kule kwenye viza za Schengen, za Ulaya, mnamjua, msinifanye nimtaje. Yule anayeshika karatasi za watu kwa vidole viwili kama zimefungiwa dagaa.

Yuro 90 nimelipa, na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya kufunika yuro 30,000 nimekata, mimi ambaye kichwa kikiuma namalizana na duka la pale kona. Hoteli ninayo, tiketi ya kwenda na kurudi ninayo. Ananiuliza nani kanialika. Naenda KUTALII! Kwani wao wakija Mikindani nani huwa anawaalika?

Basi akafungua stetimenti ya benki. Novemba imeingia hela ya maana, halafu kimyaaa, inatoka tu. Akauliza kwa sauti ya kufika getini: "Hii hela umekopa wapi?" Nikamweleza kistaarabu: dada, mimi mkulima wa Tandahimba, mzigo unaenda ghalani, unapigwa mnada, AMCOS, chama chetu cha ushirika, ikishakata makato yake hela inaingia kwa mkupuo. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema:

"Korosho ni kazi au kitafunwa?"

WAKUU. KITAFUNWA.

Foleni nzima ikacheka. Kuna mzee alikuwa anakoroma mbele yangu, akaamka ili acheke, akalala tena.

Kitafunwa! Watoto nimesomesha kwa kitafunwa? Bati la msauzi nimeezeka kwa kitafunwa? Halafu akaandika pembeni ya fomu yangu "kipato hakieleweki", tena kwa penseli. Yaani kipato changu hakistahili hata wino! Kitafunwa, jamani!

Wasimamizi msiunganishe huu uzi na nyuzi zingine.

Babu Ulaka: Pole mkuu. Ila swali hujalijibu. Ni kazi au kitafunwa?

Mwananewala: 😂😂😂 Kuanzia leo humu ndani unaitwa Kitafunwa.

Mchinga Halisi: Sasa sisi wa Lindi tusemeje? Mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, Wajerumani walimchimba 1909 mpaka 1913, wakampakia, leo yuko Berlin kasimama mita 13. Hana bima, hana stetimenti, na hakuna aliyemuuliza atarudi lini.

Mleta uzi: Mjusi hakuitwa kitafunwa mbele za watu.

Chumvi Mbili: Shukuru ni yuro 90. Shemeji yangu anataka Marekani, dola 185 nayo hairudi, na Oktoba 2025 waliweka sheria kwamba Mtanzania anayeenda kutembea anaweza kuambiwa aweke dhamana dola 5,000 mpaka 15,000. Ukoo mzima tuuze mashamba ili mtu mmoja akapige picha na daraja.

Kilambo Kwetu: Mnahangaika na baridi za watu. Vukeni Ruvuma, Msumbiji haina viza kwa Mtanzania, unagongewa muhuri unapita.

Babu Ulaka: Huko kwako kivuko kikigoma unapanda mtumbwi, na ofisa uhamiaji wa kwanza ni kiboko.

Nanguruwe Damu: Mimi niko na dada. Hela yote kwa mkupuo? Huyu si mkulima, huyu kangomba, mlanguzi wa korosho. Ananunua kwa visado usiku, mchana anaomba viza.

Mleta uzi: Kangomba ni wewe na ukoo wako wote! Njoo inboksi nikuoneshe risiti za ghala!

Nanguruwe Damu: Hata kangomba wana risiti, Kitafunwa.

Mwananewala: Mmetaja ghala mmenitonesha. Mzigo wangu umeandikwa daraja la pili, eti unyevu. Jirani yangu, mikorosho imegusana na yangu, tumeanua siku moja, yeye daraja la kwanza. Yule karani wetu, mnamjua.

Chumvi Mbili: Mwenye kofia?

Mwananewala: Huyo huyo.

Nanguruwe Damu: Aisee, huyo mizani yake ina mkono. Nyumbani gunia linasoma vizuri, likifika kwake limekonda.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada, dada wa dirishani

Mchinga Halisi: Subiri kwanza. Huyo mwenye kofia si ndo alikuwa kwetu msimu wa juzi?