Ujamaa au ubepari: kipi kinafaa kwa kikundi cha watu 22? Naombeni ushauri

Mwana_Kamalondo
Jambo yenu, wakubwa kwa wadogo. Usingizi umenikimbia. Sisi ni kikundi cha likelemba, yaani upatu, hapa Lubumbashi, watu 22, wengi akina mama wa sokoni. Tumechoka kuzungushiana pesa, sasa tunataka mradi mmoja wa pamoja. Nusu ya kikundi wanasema kila kitu kiwe cha wote, faida tugawane sawasawa. Nusu wanasema aliyetoa nyingi apate nyingi. Mimi nimeambiwa Jumamosi nisimame niwaeleze hii mifumo ya dunia, ubepari, ujamaa, ukomunisti, na ile ya Wasweden, kisha niseme upi unatufaa. Nimesoma mpaka kichwa kinauma. Wenye elimu nisaidieni, muda umekwisha.

Pilipili243
Mimi mfumo wangu ni bukari na lengalenga. Mengine tutazungumza nikishashiba.

Mwalimu_Ruashi
Kijana, unachanganya maswali mawili. La kwanza: mali ni ya nani? La pili: nani anaamua? Watu wanadhani soko huria na kura huja pamoja kama pacha. Si kweli. Chile chini ya Pinochet ilikuwa na soko huria na bunduki. China tangu 1978 imefungua soko, chama kikabaki kimoja. Hao Wasweden unaowataja, viwanda vyao vingi ni vya watu binafsi; serikali inachukua kodi kubwa halafu inairudisha kwa shule, hospitali na pensheni. Huo si ukomunisti hata kidogo. Marx na Engels mwaka 1848 walitaka mali binafsi ya uzalishaji ifutwe kabisa, yaani kiwanda na ardhi, si sufuria yako.

Na usisahau sisi wenyewe. Mobutu, rais wetu wa zamani, aliulizwa yuko upande gani, chama chake MPR kikajibu: si kushoto, si kulia, wala si katikati. Ukisikia kiongozi anajibu hivyo, shika mfuko wako.

Yaya_Fifi
Mwalimu umenikumbusha mbali. Nimekulia kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Babu yangu aliajiriwa na Union Minière, kampuni ya shaba ya mabepari wa Ubelgiji, lakini nyumba ilitoka kwa kampuni, unga kwa kampuni, hospitali kwa kampuni, hata bibi alifundishwa kushona na kampuni. Mwaka 1967 serikali ikaitaifisha, baadaye ikaitwa Gécamines. Babu aliamka asubuhi ileile, king'ora kilekile, posho ileile. Siku moja nilimuuliza lini alikuwa chini ya ubepari na lini chini ya serikali. Akacheka tu, akaniambia nimpelekee viatu vyake. Mwaka 1986 walitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 2003 haikufika hata 30,000, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango uliopewa jina la "kuondoka kwa hiari". Hiari! Jirani yetu alinunua gari kwa malipo ya kuondoka, gari likafa kabla ya msimu wa mvua. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Mtumishi_wa_Bwana
Jibu liko kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 4 na ya 5. Waamini walikuwa na vitu vyote shirika. Lakini soma mpaka kwa Anania na Safira, waliouza shamba wakaficha sehemu ya fedha. Walianguka wakafa. Mpendwa, kabla ya Marx, moyo.

Kreza_Mstaafu
Mimi nimechimba miaka mingi, sina elimu ya Mwalimu. Nauliza kitu kidogo: mradi gani? Na pesa ya kikundi inakaa kwa nani?

Mwana_Kamalondo
Mradi ni wa kusaga mahindi. Aksanti Mwalimu, nimekuelewa. Lakini Nyerere je? Azimio la Arusha nalo ni la 1967. Ujamaa wake si unafaa kwa Waafrika?

Mwalimu_Ruashi
Nyerere alikuwa mtu safi na alikufa bila utajiri, hilo hata wapinzani wake wanakubali. Lakini kati ya 1973 na 1976 watu walihamishwa kwa mamilioni kwenda vijijini, wengi kwa nguvu. Ndugu hawasombwi kwa lori.

Kreza_Mstaafu
Hujanijibu. Pesa iko kwa nani?

Yaya_Fifi
Na mimi nangoja.

Mwana_Kamalondo
Mimi ndiye mtunza hazina. Sasa msianze kunirukia. Mashine imeshanunuliwa. Mwenye nayo alikuwa anahamia Kolwezi, bei ilikuwa nzuri, angengoja Jumamosi angemuuzia mwingine. Risiti imeandikwa jina langu kwa sababu kikundi hakina karatasi, kikundi hakiwezi kusaini. Nimeongeza na pesa yangu kidogo. Mashine iko kwenye parsele, yaani kiwanja, cha shemeji. Sijaiba kitu. Na ukisoma vizuri ubepari, anayejihatarisha ndiye anayestahili faida. Ndiyo maana nauliza kwanza mfumo gani, ili niwaeleze vizuri.

Pilipili243
Hahaha! Kumbe itikadi ilichaguliwa siku ya risiti.

Mwalimu_Ruashi
Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation. Maduka na mashamba ya wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi, yakakabidhiwa wananchi, kwa jina la taifa zima. Wananchi gani? Acquéreurs, watu wenye jina kwenye karatasi. Wengi waliuza kilichokuwa kwenye rafu, rafu zikabaki tupu, na mwaka 1976 serikali ilikuwa inawaita wageni warudi. Wewe ni acquéreur, mwanangu. Usiwasingizie mabepari.

Mwana_Kamalondo
Mwalimu, hapo umenionea. Wale walipewa bure. Mimi nimetoa na yangu.

Mama_Sheria
Acheni kumsonga, asikilize. Congo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tangu Septemba 2012, na OHADA ina sheria ya ushirika. Ushirika ule mwepesi unataka watu 5 tu, nyinyi mko 22. Kura ni mtu mmoja kura moja, awe ametoa kidogo au nyingi. Mkitaka kura zifuate hisa, fungueni SARL, yaani kampuni ya wenye hisa. Ugomvi wenu wa nusu kwa nusu unaishia hapo, hauhitaji Marx. Na Waingereza wa Rochdale walioanzisha duka la ushirika mwaka 1844 walikuwa watu 28 tu, walianza na unga, siagi, sukari na mishumaa. Kura sawa, lakini ziada iligawanywa kwa kadiri mtu alivyonunua dukani. Mama anayeleta magunia mengi kusaga anarudishiwa zaidi. Pande zote mbili za kikundi chako zimepata kitu. Ila mashine lazima ihamishwe jina kwanza, kwa maandishi, kabla ya Jumamosi.

Mwana_Kamalondo
Kabla ya Jumamosi haiwezekani. Na pesa yangu niliyoongeza?

Mama_Sheria
Iandike kama deni la kikundi kwako. Ni mstari mmoja.

Mpelelezi_Katuba
Ngojeni kidogo. Mimi simwamini huyu. Mtunza hazina gani wa likelemba anaandika "demokrasia ya kijamii" na "Azimio la Arusha"? Bandiko la kwanza mradi haujaanza, la tatu mashine imeshanunuliwa. Huyu ni mwanafunzi, anatafuta watu wa kumwandikia TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, bure. Mwalimu, umeshamwandikia sura nzima.

Pilipili243
"Ile ya Wasweden" ndiyo aliandika. "Demokrasia ya kijamii" umeiongeza wewe.

Mpelelezi_Katuba
Maana ni ileile. Atoe ushahidi.

Yaya_Fifi
Hata kama kaitunga, mimi mtunza hazina wetu alifanya hivihivi, na alikuwa mtu wa kanisa.

Mtumishi_wa_Bwana
Kanisa gani?

Mwana_Kamalondo
Ushahidi huu hapa. Ni mashine ya dizeli, rangi ya kijani, mkanda wake umeunganishwa kwa waya. Chekecheke ya ndani imetoboka pembeni, mwenyewe wa zamani ameiziba na bati la kopo la nyanya, kwa hiyo unga unatoka na chenga. Nimeshaangalia bei ya chekecheke mpya. Mwanafunzi atajuaje hayo?

Mpelelezi_Katuba
Weka picha.

Mwana_Kamalondo
Simu yenye kamera ni ya mke wangu.

Kreza_Mstaafu
Mwazime.

Mwana_Kamalondo
Ataniuliza ya nini. Yeye ndiye rais wa kikundi.

Yaya_Fifi
Eh! Na hajui?

Mwana_Kamalondo
Anajua mashine ipo. Risiti hajaiona.

Kreza_Mstaafu
Shemeji mwenye parsele ni ndugu ya nani?

Mwana_Kamalondo
Kaka yake. Lakini tumeelewana.

Mama_Sheria
Papa, nitumie ujumbe faraghani. Leo, si kesho.