Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi Samatta, straika wetu wa Bongo, alipotupia goli Wembley?

Kijana wa Kizuiani: Nimepishana na dogo kavaa jezi ya Samatta ya Aston Villa, namba 20, imepauka mpaka haisomeki, nikakumbuka Machi 1, 2020. Fainali ya Carabao, kombe la ligi la England, Villa na Man City, City washaweka mbili. El Ghazi anamwaga krosi, Samatta anajirusha, kichwa, kamba. Mimi sikuona. Kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, Mbagala, umeme wa luku umekata krosi iko hewani! Goli tulilijua kwa kelele za kibanda cha pili. Funguka, ulikuwa wapi?

Mama Wawili: Luku ni mchawi. Mimi pia ilinikatia.

Mkazi wa Lubumbashi: Mnakumbuka Wembley tu? Samatta kacheza TP Mazembe ya hapa Kongo karibu miaka mitano. 2015 Ligi ya Mabingwa Afrika mabao 7, fainali kawafunga USM Alger wa Algeria kwao na kwetu.

Mnyama Damu: Na mlimwona wapi? Alikuwa Simba.

Jangwani: Mlipita naye tu. Aliyemlea ni African Lyon.

Mhazini Mstaafu: Ngoja niseme leo. Nilikuwa mhazini wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Saa moja jioni nikaaga kikaoni, eti nawahi msiba. Laki tatu na arobaini za michango ziko kwenye bahasha, bahasha mfuko wa shati. Goli likaingia, nikavua shati, nikalizungusha kama bendera. Kuja kutulia, shati ninalo, bahasha sina. Nikatambaa chini ya mabenchi, maganda ya karanga yamenijaa magotini, watu wananipiga mateke: "Kaa chini tuone mpira!" Kesho yake shangazi anapiga: "Mwanangu, msiba uko wapi tuje tuhani?"

Mama Wawili: 😂😂 Ukamjibu nini?

Mhazini Mstaafu: Nikakata simu. Nikauza redio.

Wa Kakamega: Nyinyi mnashangilia 2020, sisi Wakenya, Wanyama wetu alikuwa Southampton ya England tangu 2013.

Jangwani: Karibu jirani, ila hapa tuko kwenye bahasha.

Mnyama Damu: Mwambie binamu ukweli, moyo upoe.

Kijana wa Kizuiani: Thubutu! Harusi ilifana, watu walikula. Nyamaza hadi kaburini.

Mama Wawili: Mpelekee mbuzi, usieleze ni wa nini.

Bwana Harusi: Ilikuwa laki tatu na tisini. Nipigie.