Tupeane uzoefu: bei za dukani na mafuta ukiishi kisiwa cha mbali

#1
Habari zenu wakuu. Nina mwaka wa sita kisiwani, kisiwa ambacho meli ya mizigo ikichelewa wiki mbili hata kiberiti kinaadimika. Nilipohamia niliamini mwenye duka anatunyonya tu. Siku moja nikashuka gatini kumsaidia kupakua. Kila pipa la lita 200 linalipiwa kupanda meli, linalipiwa kushushwa, na likiisha linalipiwa tena kurudi tupu. Tangu hapo nimepunguza mdomo, ila mfuko unauma vilevile. Mliopitia haya, tiririkeni.

#2
Mimi ndiye huyo mwenye duka (wa kisiwa kingine, usije ukanidai). Watu wanaona bei, hawaoni hela iliyolala. Meli ikija mara moja kwa mwezi, mzigo wa mwezi mzima naununua kwa mkupuo, kisha nusu yake inaondoka kwa daftari. Vinavyooza ni hasara yangu. Na petroli nayo inachacha: ikikaa miezi kwenye pipa lisilofungwa vizuri, ile sehemu nyepesi inapotelea hewani, mashine inagoma kuwaka asubuhi, na lawama zinakuja kwangu.

#3
Sawa mkuu, sasa tujibu hili. Kwa nini bei ikipanda bara, mzigo ulioko rafuni tangu mwezi jana nao unapanda usiku huohuo, lakini ikishuka mnatuambia "huu ni mzigo wa zamani"?

#2
Nikiuza kwa bei ya jana, hela hiyo haininunulii mzigo wa kesho. Ile ya kushuka... hapo umenikamata.

#4
Mimi yangu ni ya mafuta. Nilikimbia bei ya dukani nikachukua madumu mawili kwa jamaa mmoja, rahisi kweli. Katikati ya maji mashine ikakohoa mara tatu, kimya. Nikamimina kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikainyanyua juani: mstari umejichora, petroli juu, maji chini. Maji ni mazito kuliko petroli, yanatulia chini ya tangi, na mrija unanyonya hukohuko chini. Pipa likiachwa nusu, unyevu wa hewa iliyomo unageuka matone usiku kukipoa, hata bila mtu kuchakachua. Siku hizi dumu nalitulizia usiku kucha, nachuja, na vidole viwili vya mwisho simimini. Tulipiga kasia saa nne nzima. Mke wangu alikuwemo botini, na habari hiyo bado haijaisha nyumbani.

#5
Saa nne! Pole sana mkuu, na shemeji mpe pole zaidi.

#6
Nimewahi kufanya kazi visiwa vya Uskoti. Tangu 2012 serikali ya Uingereza inapunguza kodi ya mafuta ya magari kwa peni 5 kila lita kwenye visiwa kama Hebrides, Orkney na Shetland. Inasaidia kidogo. Walionikosha ni watu wa Eigg: kisiwa chao kilinunuliwa 1997 kikawa mikononi mwa jamii, na 2008 wakawasha umeme wao wa maji, upepo na jua, dizeli ikabaki akiba. Kila nyumba mwisho kilowati 5, kwa hiyo kabla ya kuwasha birika unauliza kwanza kama mashine ya kufulia inazunguka.

#7
Sisi tulijichanga nyumba kumi na mbili, tukawa tunaagiza wenyewe bara. Mara mbili za kwanza tulifaidi, tukawa tunapita mbele ya duka kifua mbele. Mara ya tatu bahari ikachafuka, mzigo ukalala bandarini siku ishirini na ghala tukalilipia. Tukarudi kwa yuleyule mwenye duka, madumu mikononi. Hakutusuta. Alipima lita tano tano kila nyumba, akafungua daftari, akauliza, "Niandike jina la nani?"